Namna ya kuuleta msimu wa okestra ya Uingereza sebuleni Kigamboni

Anza na saa, mengine yatafuata. Bournemouth Symphony Orchestra ni okestra ya pwani ya kusini ya Uingereza, ilianzishwa mwaka 1893, na siku hizi konsati zake kubwa hupigwa kwenye ukumbi wa Lighthouse ulioko Poole, mji wa bandari jirani na Bournemouth. Msimu huanza karibu na Oktoba na kuishia Mei au hapo karibu. Konsati nyingi za Poole huangukia Jumatano, saa moja na nusu usiku kwa saa za kwao. Baadhi hurushwa moja kwa moja mtandaoni kwa tiketi, na hizo ndizo zetu sisi wa Dar.

Sasa, wenzetu hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanazirudisha nyuma, Jumapili ya mwisho ya Machi wanazisogeza mbele. Maana yake konsati ya mwanzoni mwa Oktoba kwetu inaanza saa tatu na nusu usiku, ya Novemba mpaka karibu mwisho wa Machi inaanza saa nne na nusu, halafu Aprili tunarudi saa tatu na nusu. Siku unapoipata ratiba, kaa na kalamu uandike saa ya Dar mbele ya kila tarehe, kisha ndiyo uitume kwenye kundi la WhatsApp. Ukiwaachia watu wapige hesabu wenyewe, kuna watakaobisha hodi saa moja na nusu, wakamaliza vitumbua kabla hata fidla hazijalinganishwa sauti.

Halafu jiulize kama kweli unaitaka hiyo ya moja kwa moja. Mimi nauza vitenge Kariakoo, na Alhamisi alfajiri niko kwenye foleni ya pantoni kama kila mtu wa Kigamboni. Konsati iliyoanza saa nne na nusu inaisha saa sita na nusu usiku, na ukiongeza maneno ya watu kutoka mlangoni, hulali kabla ya saa nane. Kwa hiyo moja kwa moja naiwekea akiba: ya ufunguzi, na nyingine moja yenye kazi ninayoipenda sana. Zilizobaki tunaziangalia Jumamosi jioni, kwa sababu tiketi kwa kawaida inakuruhusu kurudia kwa muda fulani baada ya onyesho. Soma masharti ya tiketi kabla ya kulipa, muda huo una mwisho. Malipo ni kwa pauni, kwa kadi. Kama huna kadi ya benki inayokubali manunuzi ya mtandaoni, fungua kadi ya kidijitali kupitia huduma ya pesa ya simu yako, na uijaribu siku kadhaa kabla kwa kitu cha bei ndogo. Usiijaribu kwa mara ya kwanza dakika tano kabla ya konsati.

Kuisoma ratiba

Ratiba ya msimu inatisha kwa majina, lakini kila usiku una umbo lilelile. Mara nyingi kuna kazi fupi ya kufungulia, kisha konseto ambamo mpigaji mmoja, wa piano au fidla au chelo (ile fidla kubwa), anapiga akiwa mbele ya okestra nzima, kisha mapumziko ya dakika kama 20, kisha simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa. Hilo likikukaa kichwani, yale majina marefu yanapungua makali. Unajua mgeni anayechelewa atakosa nini, na unajua chai iwe tayari saa ngapi.

Usichukue zote. Chagua nne, tena usizichague kwa umaarufu wa mwongozaji. Chagua kwa watu utakaokaa nao. Kwangu mimi wanakuja wanakwaya, kwa hiyo natafuta kazi yenye wimbo unaoimbika. Zifuatazo okestra nyingi huzirudia mwaka baada ya mwaka, basi ukizikuta kwenye ratiba, zitie alama.

Kwa mtu asiyewahi kusikia okestra hata siku moja, mpe Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928. Ni kama dakika 15. Ngoma ndogo inaanza chinichini na mdundo mmoja, na mdundo huo hauachi mpaka mwisho, huku vyombo vikipokezana wimbo uleule na sauti ikipanda kidogo kidogo. Mtu aliyekulia kwenye ngoma hahitaji maelezo. Kijana wa jirani, mpenzi wa singeli kupindukia, alikuja kufuata chaja yake akasimama mlangoni mpaka ikaisha.

Simfoni ya 5 ya Beethoven, ya mwaka 1808, ni ya watu wa tarumbeta. Kama una ndugu waliolelewa na vikundi vya tarumbeta vya Kanisa la Kilutheri, KKKT, waite siku hiyo. Waambie waziangalie tromboni: zinakaa kimya sehemu tatu nzima, wapigaji wamezipakata tu, halafu sehemu ya nne inapofunguka ndipo zinapoingia. Na kati ya sehemu ya tatu na ya nne hakuna kusimama. Muziki unazama mpaka inabaki timpani, ile ngoma kubwa ya okestra, ikigonga taratibu chini ya fidla, kisha okestra yote inalipuka. Mtu aliyekwenda jikoni wakati huo amejidhulumu.

Kuna Simfoni ya 9 ya Dvořák, ile ya Dunia Mpya. Ilipigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893, mwaka uleule ambao okestra ya Bournemouth ilianzishwa. Mle ndani matoazi yanagongwa mara moja tu katika simfoni nzima ya dakika zaidi ya 40, nayo ni sehemu ya mwisho, tena si kwa kishindo. Watoto wakisumbua, wape kazi ya kulisubiri hilo toazi. Watatulia kuliko wazazi wao.

Ya watu wa pwani ni La mer ya Debussy, yaani bahari. Mwaka 1905 alikuwa Eastbourne akiisahihisha kabla ya kuchapishwa, pwani ileile ya kusini ya Uingereza. Ina sehemu tatu, na ya mwisho ni mazungumzo ya upepo na bahari. Haina wimbo wa kushika na kuondoka nao, nawatahadharisha mapema. Lakini mtu anayejua tofauti ya kusi na kaskazi, aliyewahi kuvuka Magogoni pantoni likiyumba, ana pa kuanzia. Usimsimulie kitu. Mwache asikilize upepo anaoujua.

Kuyaandaa masikio

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanapotaka njia ya mkato. Okestra ukiisikia kwa mara ya kwanza inapita tu. Ukiisikia mara ya tatu unaanza kusubiri kitu kije, na kusubiri huko ndiyo raha yenyewe. Wiki mbili kabla, tafuta rekodi ya kazi husika, ziko nyingi za bure mtandaoni, uisikilize kwenye daladala, ukipika, ukipanga mzigo dukani. Hata nusunusu inatosha.

Sisi wanakwaya tuna silaha ambayo watu hawaithamini: solfa, yaani kuandika wimbo kwa herufi za d r m f s l t. Kama unaimba "Haleluya Kuu" ya Handel kila Pasaka kwa sauti nne, usije kuniambia muziki huu ni wa wengine. Handel huyohuyo yumo kwenye ratiba za okestra hizi. Chukua karatasi, andika wimbo mkuu wa kazi kwa solfa, na muuimbe pamoja kabla ya kuwasha chochote. Ule mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven ni m m m d, kisha r r r t, hiyo t ikiwa ya chini. Basi. Sehemu ya kwanza nzima imejengwa kwa hivyo vigongo vinne, vikigeuzwa, vikishushwa, vikirushwa toka fidla kwenda honi. Sehemu ya pili ya Dvořák, ile ya polepole, huanza m s s, m r d, kisha r m s m r. Siku nilipoiandika ubaoni, mzee wetu mmoja wa sauti ya nne aliisoma kimya, akaiimba mara moja, akasema, "Mama, hii mbona ni ya kwetu ya msibani?" Si ya kwetu, ila nilimwelewa. Konsati ilipofika pale, kile chombo chembamba cha kupuliza kikaimba peke yake juu ya fidla zilizotulia, na sebule nzima ilikuwa inaimba midomo ikiwa imefungwa. Ukumbini Poole wangetutoa nje. Kwangu inaruhusiwa.

Waambie pia wasikilize mwanzo kabisa, kabla mwongozaji hajaingia. Oboe, chombo cha mbao cha kupuliza, inatoa noti moja ndefu ya "la", na wote wanalinganisha vyombo vyao nayo. Mwalimu wa kwaya akipuliza kifilimbi cha sauti kabla ya wimbo, anafanya kazi hiyohiyo.

Sebule yenyewe

Adui wa kwanza ni sabufa. Sabufa ya Kariakoo imetengenezwa itikise dirisha, na kwenye okestra inafanya chelo na besi zisikike kama lori linalopita Mbagala. Punguza besi mpaka karibu na sifuri, au iache kabisa utumie spika mbili za kawaida, ukiziweka pande mbili za runinga kwa umbali wa hatua mbili hivi. Fidla za kwanza zitasikika kushoto, besi kulia, na watu wataanza kuona okestra hata wakifumba macho.

Sauti ipime kwa mahali pa chini kabisa. Watu hufungulia kwa kishindo cha mwanzo, wanaona imetosha, halafu wimbo ukishuka hawasikii kitu, wanapandisha, kishindo kinarudi na mtoto wa jirani anaamka. Tafuta kwenye rekodi mahali ambapo fidla zinanong'ona, weka sauti inayokuwezesha kuzisikia ukiwa umekaa kiti cha nyuma, kisha usiiguse tena rimoti. Kama kishindo kitawakera majirani, waalike. Ni rahisi kuliko kuomba radhi.

Adui wa pili ni feni, na hapa sina suluhisho zuri. Feni ya juu inafunika kila kitu cha chinichini. Februari ukiizima watu wanachemka. Ninachofanya ni kuiwasha ikimbie kwa nguvu mpaka konsati ianze, kuiweka namba moja wakati wa sehemu za kelele, na kuizima kabisa sehemu ya polepole tu, ambayo kwa kawaida ni dakika kumi na kitu. Watu wakijua ni dakika kumi wanavumilia.

Bando: picha ya ubora wa juu inaweza kula GB 1.5 hadi 3 kwa saa, na konsati ni saa mbili. Ukipunguza ubora wa picha uwe 480p unatumia kama nusu GB kwa saa, na kwa muziki hakuna hasara ya maana. Tumia simu moja kwa intaneti na usiitumie kwa kitu kingine, maana simu ikipigwa katikati ya chelo utajuta. Angalia uniti za umeme wa Luku mchana, siyo usiku.

Usiku wa konsati

Makofi. Simfoni ina sehemu tatu au nne zenye vituo katikati, na desturi ya ukumbini ni kunyamaza kwenye vituo hivyo, kisha kupiga makofi mwisho mwongozaji anaposhusha mikono. Nyumbani mtu anaweza kupiga anapotaka, lakini nawafundisha watu desturi hiyo kwa sababu ipo siku mmoja wao ataingia ukumbini. Wa kuogopa ni Tchaikovsky. Simfoni yake ya 6, nayo ya 1893, ina sehemu ya tatu inayomalizika kwa shangwe kubwa kama gwaride, na hata Ulaya kuna wanaoruka kwa makofi wakidhani imekwisha. Bado kuna sehemu nzima, tena ya huzuni, inayofifia mpaka kimya. Alifariki siku chache tu baada ya kuiongoza mara ya kwanza. Ukiwaambia hilo kabla, hakuna atakayeharakisha kuvaa viatu.

Chakula kiwe cha kutoleta sauti. Kashata na korosho za kutafuna ni kwa mapumziko; wakati wa muziki toa chai ya tangawizi na vitumbua. Mifuko ya nailoni ibaki jikoni.

Mchango tunaochanga ni wa bando, chai na umeme. Usitoze kiingilio, kwani tiketi uliyokata ni ya kuangalia nyumbani, na ukianza kuuza viti umefungua ukumbi. Walio ng'ambo ya mji wapange usafiri kabla muziki haujaanza: dereva wa bajaji unayemfahamu, umwambie saa sita na nusu, umpe na namba ya mtu mwingine ndani ya nyumba, kwa sababu ya kwako itakuwa ndiyo inayorusha intaneti.