Kupunguza dawa ya kahawia ya pumu, hatua kwa hatua

Assalaam alaykum. Wiki hii watu wanne wameniuliza jambo moja: "Pumu yangu imetulia, niiache ile ya kahawia?" Naandika mara moja ili nisirudie.

Kwanza kosa langu. Nilikuwa navuta beklometasoni, bomba la kahawia la mikrogramu 100, mara nne asubuhi na mara nne usiku. Mwezi wa pili nikawa napanda kilima na baiskeli bila kuhema, nikaiacha yote siku moja. Wiki ya kwanza salama, ya pili salama, nikajiona mjanja. Wiki ya tano ikatukuta tunachambua karafuu baada ya isha, tumezunguka jamvi, vumbi la makonyo linaelea kwenye mwanga wa taa. Saa nane za usiku nilikuwa nimeshika nondo za dirisha, pumzi moja haitoshi maneno mawili. Gari la jirani ndilo lililonifikisha hospitali.

Ile ya kahawia ni steroidi: inatuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Ukiiacha, uvimbe hurudi kidogo kidogo, ndiyo maana zile wiki za mwanzo zinakughuri. Ile ya bluu, salbutamoli, inalegeza misuli tu kwa saa chache. Uvimbe haiugusi.

Hatua ya 1: Hakikisha imetulia kweli. Tazama wiki nne zilizopita. Umebanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Umetumia bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Umeamshwa usiku na kikohozi au kifua kulia? Kuna kazi uliyoikwepa? Jibu likiwa "ndiyo" hata kwa moja, usipunguze. Yote yakiwa "hapana", na hali imekuwa hivyo kama miezi mitatu, nenda ukazungumze na daktari wako. Nenda na mabomba yako mkononi.

Hatua ya 2: Mwonyeshe unavyovuta. Wengi wetu dawa inaishia ulimini. Tikisa bomba, toa pumzi, bonyeza huku unavuta polepole, kisha zuia pumzi mpaka kumi. Kama hujapewa chemba ya plastiki (ile inayochomekwa kwenye bomba, ukavutia dawa humo), chupa ya maji ya nusu lita inafaa. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto na ikafanya kazi vizuri. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lifuate umbo la mdomo wa bomba na libane. Ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa hunata kwenye plastiki. Ukimaliza kahawia, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Hatua ya 3: Chagua wakati. Usianze ukiwa na mafua, ukiwa safarini, wala ukiwa mjamzito. Sisi wa Pemba tuongeze: si wakati wa mavuno ya karafuu, na si katikati ya masika, kuta zikiwa zimeota ukungu. Na kama nyumbani mnafukiza udi kila Alkhamisi, hilo lizungumzwe kabla hujagusa dozi. Najua ni zito kwa mama mkwe.

Hatua ya 4: Punguza robo mpaka nusu, kisha tulia miezi mitatu. Mimi mara ya pili, kwa mpango wa daktari, nilishuka kutoka nne-nne hadi tatu-tatu, nikakaa. Kisha mbili-mbili. Hapo ndipo nilipo, na sina haraka. Mtu mzima hashuki mpaka sifuri: tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu atibiwe kwa bluu peke yake.

Hatua ya 5: Daftari. Kila ukivuta bluu, andika siku, saa na ulikuwa unafanya nini. Langu lilionyesha mistari mitatu katika wiki moja, yote jikoni, siku tulizopikia makumbi. Nisingeandika, ningeilaumu dozi.

Hatua ya 6: Jua lini urudi nyuma. Bluu ikizidi mara mbili kwa wiki, au ukiamshwa usiku, mwone daktari, mara nyingi mtarudi kwenye dozi ya kabla. Ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au bluu isipokushika hata kwa muda wa saa nne, vuta bluu mara nne kwa chemba, moja moja, huku mnatafuta gari.

MASWALI

*Kaka, na Ramadhani?*
Kahawia ni mara mbili kwa siku: baada ya futari na wakati wa daku. Bluu mchana, wanazuoni wamekhitalifiana. Muulize shekhe wako mapema. Lakini ukibanwa, vuta. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa.

*Mwanangu ana miaka saba. Nasikia inadumaza.*
Inaweza kupunguza urefu kidogo, kama sentimita moja. Pumu isiyotibiwa nayo inadumaza, na inamkosesha skuli. Dozi ndogo inayotosha, na daktari ampime urefu kila mara.

*Mimi nimepewa vidonge vya prednisoloni muda mrefu. Nifuate hatua hizi?*
La, dada. Hivyo ni habari nyingine kabisa. Mwili umeshazoea kutegemea vidonge, na kuviacha ghafla ni hatari. Daktari ndiye atakayekupangia.

*Bomba langu la kahawia nina nalo tangu miezi minne, bado linatoa moshi. Navuta mbili-mbili.*
Limekwisha hilo, bibi. Mengi yana dozi 200, na kwa mara nne kwa siku ni siku 50. Kinachotoka sasa ni gesi tu. Chukua jipya leo, uandike tarehe ya kuanza kwenye plastiki kwa kalamu ya wino.