Tamthilia ya kejeli yenye nyimbo: taja mwaka

Wenzangu wa vikundi vya sanaa Moshi na Arusha, mkiandaa mchezo wa kejeli wa kuimba, msiseme tu "enzi hizo". Chagueni mwaka. Mimi napenda 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi: mwenye duka anahaha usiku na katoni za sabuni, mchana anaapa hajaiona tangu mwaka jana. Foleni ya sukari yenyewe ni kwaya tayari. Kila anayesogea anapokea kiitikio. Kigogo wa leo akiwa ukumbini atacheka kwanza, ashtuke baadaye, maana hakuna aliyemtaja.

Mwaka ukishapatikana, mengine yanajipanga. Suti ya Kaunda kwa mkubwa, kitenge kilichopauka kwa wengine, magitaa ya dansi na tarumbeta badala ya biti za Bongo Fleva. Runinga toeni kabisa, Bara haikuwepo hadi 1994. Wekeni redio ya mbao. Wazee wa safu ya mbele hawasamehi hayo.

1967 na Azimio la Arusha? Inawezekana, ila kila mtu ameshaikariri shuleni, na kicheko kinakuja kwa shida.