Unga wa lishe: kupanga stoo kwa Google Sheets ili mashine isisimame

Nimetoka kumsaidia dada mmoja anayesaga unga wa lishe Kiboroloni, Moshi. Ulezi umejaa stoo, soya ipo, ila mashine imezimwa kwa sababu mifuko ya kufungashia imeisha na mzigo bado uko Dar. Hili linazuilika kabisa.

1. Fungua faili moja yenye shiti tatu: Ingia, Toka, Salio. Ingia na Toka ziwe na tarehe, bidhaa, kiasi, kwa mpangilio huo huo. Programu za kulipia achana nazo kwanza, na msiweke kumbukumbu kwenye grupu la WhatsApp, huwezi kujumlisha meseji.

2. Hapa ndo watu wanakwama nusu siku. Kabla hujaandika chochote ingia kwa kompyuta, File, Settings, Locale, weka United Kingdom. Ukiacha ya Marekani ukaandika 05/04 yenyewe inasoma Mei 4, halafu 13/05 inaiona ni maneno tu, na ukibadilisha baadaye zile zilizokwisha kusomwa vibaya hazijirekebishi. Kiasi andika namba tupu, 40, sio "40 kg" wala "debe 2", maana ukiweka herufi haijumlishwi na haikwambii kitu, unaona tu salio la uongo. Angalia hivi: namba na tarehe sahihi zinakaa kulia mwa kisanduku, iliyokaa kushoto ina shida. Na gunia usiliandike gunia! Lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) imekatazwa lakini bado zipo, na magunia hayalingani, kwa hiyo kila mzigo upite kwenye mizani yako ndo uandike kilo.

3. Kwenye Salio, jina la bidhaa liwe A2, kisha B2 weka fomula hii (vyote vilivyoingia toa vilivyotoka):
=SUMIF(Ingia!B:B,A2,Ingia!C:C)-SUMIF(Toka!B:B,A2,Toka!C:C)

4. Kiwango cha kuagiza: matumizi ya siku mara siku za kusubiri mzigo, jumlisha akiba. Ulezi kilo 12 kwa siku, siku 5, akiba 24, inakuwa 84. Mifuko 150 kwa siku, kuprinti na kusafirisha siku 10, akiba 450, inakuwa 1,950. Siku za kusubiri chukua zile ambazo mzigo ulichukua kweli kufika, sio alizokuahidi muuzaji.

5. Salio likishuka chini ya hapo kisanduku kiwe chekundu (Conditional formatting). Mifuko iweke mstari wa kwanza juu kabisa.