Ulilelewa na "maliza sahani"? Anzia hapa
Wengi wetu huku Iringa tumekua tunaambiwa maliza ugali wote usibakize, na baridi ile ya Mafinga unakula mpaka jasho, sasa umekuwa mtu mzima umeshiba kabisa ila mkono bado unarudi kwenye sahani. Fanya hivi, pakua kidogo, tafuna taratibu, alafu subiri kama dakika 20 maana ubongo unachelewa kupata taarifa ya tumbo, njaa ikiwepo kweli ongeza. Kinachobaki hifadhi, kiporo na chai asubuhi kitamu jamani. Watoto usiwalazimishe mboga kama mnafu wala usiwahonge pipi, wawekee kidogo tu hata mara 10 mpaka 15 kwa milo tofauti, na wewe uule mbele yao, wataonja wenyewe.