Kutoka Tanga mjini hadi maporomoko ya Amani na kurudi kwa siku moja: namna ninavyoipanga

Wageni wakinipigia simu huanza na swali lilelile: maporomoko yako wapi, na ziwa liko wapi? La ziwa nalijibu mapema ili tusije tukalaumiana njiani. Karibu na Tanga mjini hatuna ziwa la kupanda boti na kula samaki ufukweni. Tulicho nacho ni Mto Zigi. Unazaliwa kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, unashuka kwa vijito na maporomoko, unazuiwa Mabayani ukawa bwawa, na kutoka hapo maji yake yanasafishwa yakafika kwenye mabomba ya mitaa ya mjini, Ngamiani na Raskazone. Safari ninayoongoza ni ya kupanda kuyafuata maji tunayopikia wali.

Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Kwa Amani msemo huo unakubali, ila uondoke mjini alfajiri. Ukitoka saa mbili asubuhi utakuwa umekwenda kuangalia vumbi la barabarani na kurudi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza, siku baadaye

Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Wakati wa masika maporomoko yananguruma vizuri sana, lakini udongo mwekundu wa huko juu unateleza kama sabuni, gari na mtu vyote sawa. Januari na Februari njia ni kavu, ila unaweza kukuta maji yamekonda yanachirizika kwenye mwamba, na mgeni aliyetoka Dar kwa ajili hiyo atakutazama wewe.

Mimi napenda Juni hadi Septemba. Maji ya masika bado yapo na njia imeshashikamana. Tatizo la miezi hiyo ni baridi. Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Pwani ukimwambia abebe sweta anakucheka. Mwambie tena, kisha beba la ziada kwenye gari.

Siku moja kabla, piga simu hifadhini uulize mvua ilivyonyesha juzi na jana. Usitegemee simu yako ikuambie hali ya hewa, kwa sababu mara nyingi inakupa ya Tanga mjini. Jua linaweza kuwaka Chumbageni huku Amani kukiwa na ukungu wa kutomwona aliye mbele yako.

Hatua ya 2: Watu wachache, gari fupi

Kundi zuri ni watu sita au saba kwenye Noah ya juu kidogo, au kumi na wawili kwenye Hiace yenye dereva mzoefu. Kuzidi hapo, gawa magari mawili.

Nasema hivi kwa machungu. Kuna mwaka nilikubali kupeleka watu ishirini na wawili waliokuwa wameshakodi Coaster wenyewe, kwa bei nzuri. Dereva alikuwa mtu mwema, lakini alizoea lami ya Segera. Tulipoanza kupanda baada ya Zigi, kwenye geti la hifadhi, kona ya tatu gari halikukata. Likarudi nyuma kidogo tu, labda hatua mbili, lakini kina mama walishuka wote bila kuambiwa, viatu mkononi. Tulipanda kwa miguu kipande kirefu, gari likitufuata tupu. Maporomoko tuliyafikia saa nane mchana, na bwawa dogo la Amani hatukuliona.

Kuhusu usafiri wa umma: kutoka stendi ya Kange hadi Muheza hakuna shida, magari ni mengi. Kutoka Muheza kwenda Amani ndipo penye mtego, kwa kuwa magari ya abiria kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri ya kesho yake. Ukiyategemea, siku yako moja imeshakuwa mbili. Bodaboda za Muheza hupanda, lakini kundi zima juu ya bodaboda kwenye zile kona silipendi, na sitakudanganya kwamba nalipenda.

Hatua ya 3: Kiingilio, na mwongozaji wa kwelikweli

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa rasmi 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu. Iombe siku moja kabla ukiwa bado mjini, ulipe, uweke risiti. Mtandao wa mlimani una hasira zake, na kukaa getini unainua simu juu kama unaomba dua kunakula saa nzima ya asubuhi. Viwango vya raia na vya wageni wa nje havilingani, kwa hiyo kila mmoja aje na kitambulisho.

Sasa mwongozaji. Mimi ni mwongozaji na bado huwa nachukua mwenyeji wa hukohuko. Mimi najua hadithi, yeye anajua mti upi umeanguka wiki hii. Dereva si mwongozaji, hata kama ameshafika mara kumi. Patana na mwenyeji mapema: maporomoko yapi, saa ngapi za kutembea, ujira wake, na kama chakula chake ni juu yenu (kiwe juu yenu).

Nina swali moja la kumpima mtu nisiyemjua. Namsalimia vizuri, akiwa mzee nampa shikamoo yake, kisha naulizia: "Njia hii umepita lini mara ya mwisho?" Anayenitajia kijito kilichojaa, gogo la kuvuka, au mahali palipomomonyoka, huyo ndiye. Anayejibu "njia nzuri tu, haina neno" nambembeleza aniitie mwenzake.

Hatua ya 4: Jioni ya kuamkia safari

Viatu vya kufunika vidole, vyenye meno chini. Kandambili ziachwe kwa ajili ya garini. Suruali ndefu, na soksi ziwe juu ya suruali. Unaonekana kituko, lakini siafu hawapandi kirahisi. Kina dada wabebe khanga mbili, moja ya kubadilishia nguo na nyingine ya kujikaushia. Maji lita mbili kwa kila mtu. Chakula kisichomwagika: chapati, mayai ya kuchemsha, mkate wa kumimina. Pesa taslimu ndogondogo, maana mama wa ndizi kijijini hana chenji ya elfu kumi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, basi chakula kiwekwe kwenye kapu au hotipoti, na takataka zirudi nanyi mjini.

Hatua ya 5: Njiani

Tunaondoka saa kumi na moja na nusu, mara watu wanapomaliza swala ya alfajiri. Muheza ni kama kilomita 40 za lami, tunafika jua linachomoza. Hapo ndipo mahali pa mwisho pa kuaminika pa mafuta, choo na chai. Mbaazi kwa maandazi, dakika ishirini, twende.

Mkiiacha Muheza kuelekea Amani mtaingia kwenye misaji ya Longuza, miti mirefu iliyonyooka kwa mistari. Wageni huanza kupiga picha wakidhani wameshafika msituni. Waache wapige, kisha waeleze kwamba hilo ni shamba la mbao lililopandwa. Msitu wenyewe wataujua bila kuambiwa, kwa ubaridi unaoingia dirishani.

Getini Zigi, jiandikisheni kwenye daftari na mchukue mwongozaji wenu. Wajerumani waliwahi kuleta reli hadi hapa kutoka Tengeni, kwa ajili ya mbao za mlimani. Huko juu, mwaka 1902, walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, ndiyo maana Amani utakuta miti ya kila pembe ya dunia imesimama pamoja na ya kwetu. Baadhi ya miti hiyo iliyoletwa ilitoroka bustanini ikasambaa msituni, na mwongozaji mzuri atakuonyesha ipi ni mgeni na ipi ni mwenyeji. Mwambie akuonyeshe msambu, ambao mbegu zake wanakijiji huokota na kuuza kwa ajili ya mafuta.

Hatua ya 6: Maporomoko kwanza, mengine yote baadaye

Watu hutaka kusimama kwenye mashamba ya chai kwa ajili ya picha. Kataa. Chai itakuwepo mkirudi. Asubuhi miguu ina nguvu na mvua ya mchana haijaja, kwa hiyo nendeni moja kwa moja kwenye maji. Mimi huwapeleka kwenye maporomoko ya Derema.

Mwongozaji atangulie, na mtu mmoja mwenye pumzi afunge mkia. Huyo wa nyuma ndiye muhimu kuliko wote, kwa sababu anayechoka huona aibu kusema, anabaki nyuma akijifanya anatazama vinyonga. Kasi ya kundi iwe ya aliye mwisho.

Msiende kimya wala kwa kelele. Mbega weupe huonekana juu kabisa ya miti, mkia kama pindo la pazia. Kwenye miamba yenye unyevu, chini kivulini, tafuteni ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alituma ua hilo kwao Ujerumani kutoka Usambara, likapewa jina la Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Nimeongoza bibi mmoja mgeni aliyekuwa nalo nyumbani kwake miaka mingi. Alipoliona mwambani alikaa chini akanyamaza. Msilichume.

Iliki nayo ina habari yake. Zamani ililimwa chini ya kivuli cha miti ya msitu, na msitu wa Derema ulipofanywa hifadhi wakulima walilipwa fidia wakaacha mashamba yao. Wenyeji wengine bado wanalizungumza hilo kwa uchungu. Wakisema, sikilizeni.

Mtasikia maji kabla ya kuyaona. Hapo nasimamisha kundi na kusema yafuatayo, hata kama wote ni watu wazima. Jiwe la kijani halikanyagwi, likiwa kavu wala likiwa bichi. Hakuna kusimama chini ya maji yanakoangukia, maana hayaangushi maji peke yake, huleta na mawe na matawi. Hakuna kupanda juu ya poromoko kwa ajili ya picha. Simu iwe mkononi ukiwa umesimama tu; ukianza kutembea iingie mfukoni.

Kisha nawafundisha kuusoma mto. Mvua inaweza kuwa inapiga juu mlimani na ninyi mko kwenye jua. Tazameni rangi: maji yaliyokuwa meupe yakianza kuwa kama chai ya maziwa, tokeni. Majani makavu na vijiti vikianza kupita kwa wingi, tokeni. Sauti ikibadilika ikawa nzito, tokeni, msisubiri kuulizana. Kwa sababu hiyo hiyo huwa nachomeka kijiti ukingoni pale maji yanapoishia tukifika. Baada ya robo saa nakitazama. Kikiwa kimezama, vikao vimekwisha, hata kama kuna mtu alikuwa ndiyo kwanza amefungua hotipoti.

Mahali pa kuingiza miguu mwongozaji atapaonyesha. Asipopaonyesha, hapapo.

Hatua ya 7: Bwawa

Baada ya chakula, mpande hadi kwenye bwawa dogo la Amani. Si kubwa, na anayetarajia ziwa nimeshamwandaa tangu aya ya kwanza. Raha yake ni kukaa kimya: vyura wa kila rangi, na ndege wanaokuja kunywa. Ukiwa na bahati utamwona chozi wa Amani, ndege mdogo aliyepewa jina la mahali hapa. Kuogelea hapana. Maji yaliyotuama ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na safari ya siku moja isije ikakuachia ugonjwa wa miezi.

Wanaouliza kama tunaweza kupitia Mabayani wakati wa kurudi: lile ni chanzo cha maji ya mji, si uwanja wa matembezi. Omba ruhusa kwa mamlaka ya maji siku kadhaa kabla. Bila ruhusa, mimi sikupeleki.

Hatua ya 8: Kushuka

Picha za chai zipigwe sasa, nusu saa. Saa tisa na nusu alasiri gari liwe linashuka, ili kona zote za Zigi zikwishe kukiwa na mwanga. Dereva atumie gia ndogo na asiharakishwe. Getini hesabuni watu, kisha msaini daftari la kutoka. Wengi husahau, na askari wa msitu hubaki akihesabu kundi ambalo limeshafika nyumbani.

Muheza simameni mnunue machungwa. Wageni wa mbali huyakataa wakiona ganda la kijani, wakidhani mabichi. Machungwa ya kwetu huiva yakiwa na kijani chake. Chukua lililo zito mkononi, mwambie muuzaji alimenye hapohapo uonje, kisha ndipo mpatane bei ya kapu zima.