Babu aliyelazwa hospitali ya vita: namna ya kumtafuta kwenye kumbukumbu za 1914–1918

Koo nyingi za Iringa, Njombe na Rungwe zina mtu aliyekwenda Vita vya Kwanza vya Dunia, awe askari au tengatenga, yaani mpagazi wa jeshi, akaumwa au akapigwa risasi, na nyumbani hakurudi. Wanaomtafuta huanza na jina, na jina ndilo linalowapoteza njia. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Mkwawa mwenyewe, aliyefahamika hadi Berlin, Wajerumani walimwandika Quawa. Sembuse mpagazi wa Mufindi. Tafuta kwanza kikosi, mahali na mwezi. Jina lije baadaye.

Kazi huanzia kwa wazee. Fika, sema kamwene, kaa, mazungumzo yakolee ndipo uulize. Mwaka usiuulize. Uliza alichukuliwa na Mjerumani au Mwingereza. Uliza walielekea wapi, Songea, Tabora au bonde la Kilombero. Uliza kama aliugua kabla ya ile homa kuu ya 1918 au wakati wake. Kisha linganisha na tarehe zinazojulikana: jeshi la Mwingereza chini ya Jenerali Northey liliingia Iringa mjini tarehe 29 Agosti 1916, na Oktoba na Novemba mwaka huo mapigano yalikuwa Ngominyi, Malangali na Lupembe. Mtu aliyechukuliwa na Mwingereza kutoka Iringa mjini hawezi kuwa alichukuliwa kabla ya tarehe hiyo ya Agosti. Kwa upande wa Mjerumani, kumbuka kwamba kombania ya 2 ilikuwa Iringa, na ya 5 ilikuwa Masoko, pale penye ziwa, kusini ya Tukuyu.

Kama ndani ya sanduku la ukoo kuna medali, umepata hazina. Medali ya Vita ya Uingereza ni ya fedha, upana milimita 36, yenye kichwa cha Mfalme George V upande mmoja na mtu juu ya farasi upande wa pili. Maandishi unayoyahitaji yako ukingoni: namba, cheo, jina na kikosi, kwa mfano K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Tafadhali sana, usiisugue kwa majivu, ndimu wala stilwaya. Herufi hizo zimegongwa kwa kina kidogo mno, na medali iliyong'arishwa kila sikukuu hubaki na ukingo mtupu. Ilaze juu ya kitambaa cha pamba karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, zima flashi ya simu, kisha piga picha ukiizungusha kidogo kidogo. Picha nane hutosha kuumaliza ukingo wote. Nakili namba kabla ya kitu kingine. Karani anaweza kukosea jina kwa kulisikia vibaya, lakini namba aliitoa mwenyewe.

Majina ya mahali nayo yamebadilika. Mji wa Mbeya ulikuwa haujaanzishwa, kwa hiyo usiutafute. Tukuyu iliitwa Neu Langenburg, Mbala ya Zambia iliitwa Abercorn, na Njombe mara nyingi utaikuta chini ya Ubena. Kwenye karatasi za Kijerumani, neno la hospitali ya kijeshi ni Lazarett. Ukipita Iringa mjini, ingia Makumbusho ya Boma: jengo lenyewe Wajerumani walilijenga liwe hospitali ya kijeshi.

Karatasi za utawala wa Mjerumani ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam. Shajara za vikosi vya Uingereza, zikiwemo za hospitali, ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, chini ya alama WO 95. Humo utakutana na CCS, yaani kituo cha kupokea majeruhi kabla hawajapelekwa hospitali kubwa, na DOW, aliyekufa kwa majeraha. Mwafrika mara nyingi amehesabiwa tu: wangapi wameingia, wangapi wamekufa. Linganisha hesabu hizo na mwezi wako. Wengi waliuawa na ugonjwa kuliko risasi: kuhara damu kwa sababu ya nafaka isiyosagwa wala kuiva vizuri, malaria kwa watu wa milimani walioteremshwa mabondeni, na kichomi kwa waliopandishwa kwenye baridi bila blanketi.

Mwisho, tafuta kwenye daftari la mtandaoni la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Andika namba, kisha jina kwa kila namna: badili l na r, toa M ya mwanzo, weka q mahali pa kw. Usipomwona, usikate tamaa wala usiseme hakwenda. Ripoti ya Tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Jina linaweza kuongezwa, ila Tume inataka maandishi ya kuthibitisha utumishi na kifo, na kifo kiwe kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Hivyo hata aliyerudi kijijini na kufa kwa ugonjwa wa vita mwaka 1920 bado anaweza kuombewa.