Kutayarisha kipindi cha redio kuhusu kero za mji: hatua kwa hatua

Haya nawaandikia watayarishaji wapya wa redio za hapa kwetu Zanzibar, awe yuko ZBC, yaani Shirika la Utangazaji Zanzibar, au redio jamii ya Micheweni au Makunduchi. Kipindi ninachokikusudia ni kile cha saa nzima: studio ina wageni, simu ziko wazi, na mazungumzo ni ya maisha ya mji, yaani maji, taka, mitaro, daladala na soko. Kwa sensa ya 2022, Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una karibu nusu ya watu wote wa Zanzibar. Kero ya mtaa mmoja huwa na wenyewe wengi.

1. Tafuta swali

"Tatizo la maji Zanzibar" halijawa kipindi. Mgeni atakuja na hotuba yake na saa itamalizika. Swali ni hili: kwa nini mtaa huu maji yanatoka saa nane za usiku, na mtaa wa jirani yanatoka mchana? Hilo lina mtu wa kulijibu. Liandike kwa sentensi moja kabla hujampigia mgeni yeyote. Likikushinda kuliandika, basi bado hujatembea mtaani vya kutosha.

2. Nenda mtaani na simu yako

Pita kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, umweleze unachokitafuta. Halafu kaa barazani alasiri, usikilize. Lakini usiishie hapo, na hili ndilo linalosahauliwa sana: nenda penye mfereji, yaani bomba la maji la mtaa, wanaposubiri kinamama na watoto na ndoo zao. Barazani utapewa siasa ya maji. Penye mfereji utaambiwa saa yanayotoka, ndoo ngapi zinatosha nyumba ya watu wanane, na dumu la kununua linauzwaje wiki hii. Kipindi kizuri kinatoka huko.

Kurekodi, simu inatosha. Ishike kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi isipige kwenye maiki. Kaskazi ikivuma jibanze nyuma ya ukuta. Kabla hujaondoka rekodi nusu dakika ya mahali penyewe bila ya mtu kuhojiwa: ndoo, watoto, vespa inayopita. Itakufaa wakati wa kuunganisha vipande. Mwombe mtu ruhusa, umwambie na siku itakayorushwa. Na usimsahihishe lugha yake. Mtu wa Makunduchi au wa Pemba aachwe aseme kama wanavyosema kwao. Redio hii ni yake.

3. Gonga mlango unaohusika

Maji ni ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, lakini pampu zinakwenda kwa umeme, na umeme unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka: umeme ulipokatika, na maji yaliadimika. Kwa hivyo uliza mapema kama tatizo ni bomba, pampu au umeme, ndipo ujue unamwita ZAWA, ZECO (shirika la umeme la Zanzibar), au wote wawili.

Taka na mitaro ya mitaani, nenda manispaa. Zipo tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Ukimwita wa Mjini kwa jambo la Fuoni, atakujibu kwa haki kabisa kwamba kule si kwake, na wewe uko hewani.

Wageni wawili wanatosha.

4. Panga wakati

Tazama nyakati za sala usije ukamkata mgeni kwa adhana katikati ya jibu. Ramadhani usiweke kipindi jioni, watu wako katika kutayarisha futari.

5. Hewani

Fungua kwa sauti ya yule mama uliyemrekodi mferejini. Vyeo vya wageni vitafuata. Awepo mtu wa kupokea simu nje ya studio: aulize jina, mtaa na swali, na amwambie mpigaji azime redio yake, la sivyo sauti itajirudia na kupiga mluzi. Wanawake wengi hawapigi simu, kwa hivyo tangaza swali siku moja kabla na uwaombe ujumbe wa sauti kwa WhatsApp.

Mgeni akizunguka, mrejeshe kwa heshima: "Mheshimiwa, tunakushukuru. Wananchi wanauliza, lini?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Mpigaji akimtaja jirani kwa jina kwamba kajiunganishia maji kinyemela, mkatize hapo hapo: "Ndugu yangu, majina tuyaache, tuzungumze mtaa." Huyo jirani hayupo kujitetea.

6. Shika ahadi

Mgeni akisema "wiki mbili", andika tarehe yenyewe, na kipande hicho cha sauti kikate ukihifadhi peke yake. Siku ikifika, mpigie kwanza mama wa mferejini umuulize kama maji yanatoka, na saa ngapi. Ndipo umpigie ofisa. Kama yametoka, litangaze hilo kwa furaha, na anayestahiki kushukuriwa ashukuriwe. Kama hayajatoka, kipindi kinachofuata kifungue kwa sauti ya ofisa mwenyewe akitoa ahadi, iache imalizike bila ya kuongeza neno, halafu mkaribishe tena studio ajibu swali lile lile.